Choo na bafu ndani ya sentimita 150 kwa 210: jamvi (zege la sakafu) linamwagwa wiki ijayo, nisaidieni kupanga

#1 Kibaraza

Wakuu, habari za humu. Ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi, leo nimekwama imebidi nifungue mdomo.

Nyumba imesimama, bati liko juu, kuta bado hazijapigwa plasta. Kuna kichumba kimoja cha choo na bafu. Tofali kwa tofali, ndani kwa ndani, ni sentimita 150 kwa 210. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, kona ya kushoto unapoingia, upana 70, unafungukia ndani. Mbele yako, ukuta wa mwisho, kuna dirisha dogo juu. Ukuta wa kushoto ni wa nje na chemba ya majitaka iko nyuma yake. Wa kulia tunapakana na chumba cha kulala.

Fundi kaniambia tusijisumbue: choo kikae mwisho kabisa chini ya dirisha kikitazama mlango, sinki likae nyuma ya mlango, na shawa "itakaa hapohapo katikati, shawa haichukui nafasi." Nimelala na hiyo sentensi siku tatu.

Mimi nataka sinki la kabati. Mume wangu anataka kioo cha kutenga sehemu ya kuogea. Mama yangu tunaishi naye, magoti yanamsumbua na bega la kulia halinyanyuki vizuri. Jamvi linamwagwa wiki ijayo. Naombeni mawazo kabla makosa hayajageuka zege.

#2 Sokotoo

Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa kwenye kigoda nasoma.

Ila "shawa haichukui nafasi" nimeipenda. Na mtu anayeoga je?

#3 Pimamaji

Dada Kibaraza, umefanya la maana kuuliza sasa hivi. Wengi hutuletea picha vigae vikiwa vimeshakauka, hapo inabaki kupeana pole.

Kwanza futa vipimo ulivyoandika. Huna 150 kwa 210. Plasta inakula sentimita moja na nusu, gundi na kigae vinakula nyingine kama hiyo. Ukuta mmoja ni sentimita 3, kuta mbili zinazotazamana ni 6. Chumba chako ni 144 kwa 204. Andika namba hizo kwa chaki ukutani, kubwa, ili kila anayeingia na futi kamba azione. Nimeshaona sinia la shawa la sentimita 90 likinunuliwa kwa ajili ya nafasi ya 90 ya tofali. Halikuingia, na halikurudishwa.

Pili, acha kupanga vyombo, panga mwili wa mtu. Choo chenyewe kina upana wa sentimita 36 hivi, lakini aliyekaa ana mabega na viwiko. Kutoka katikati ya choo kwenda ukutani au kwenye kitu chochote cha pembeni, usiende chini ya 38. Mbele ya choo acha 53 kwa uchache, ukipata 60 na zaidi magoti yatakushukuru. Sehemu ya kuogea isiwe chini ya 76 kwa 76. Namba hizi ndizo zilizomo kwenye kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani, kwa inchi ni 15, 21 na 30, na kule ni kiwango cha chini kabisa, siyo cha starehe.

Tatu, ndipo tuje kwa fundi wako. Akiweka choo mwisho na shawa katikati, kila anayetaka choo atapita kwenye maji ya aliyeoga. Usiku, na soksi. Na mama mwenye magoti mabovu ndiye atakayepita hapo mara nyingi kuliko wote. Kwenye chumba chembamba kama chako vikavu vinatangulia, majimaji yanakaa mwisho: sinki karibu na mlango, choo kinafuata, shawa chini ya dirisha. Vyote vitatu vipange kwenye ukuta mmoja, wa kushoto, kwa kuwa chemba iko upande huo. Mabomba yanakuwa mafupi, na siku ya kuvuja unajua pa kuchimba.

Hesabu ya urefu wa 204: shawa 85, choo 76 (38 kila upande), zinabaki 43 za sinki. Choo kikitokeza 65 kutoka ukutani, mbele yake zinabaki 79. Inakaa.

Sinki la kabati sahau.

#4 Dada wa Ghorofani

Hapo kwa 38 nisikilizeni, mimi ni shahidi.

Kwangu fundi alichomoza bomba la inchi nne sentimita 33 kutoka kwenye tofali. Akasema ndivyo anavyofanya siku zote. Ikaja plasta, vikaja vigae, ikabaki 30. Kwa macho huoni kitu, choo kimesimama vizuri, kinang'aa. Ukikaa ndipo bega linagusa ukuta na kiwiko hakina pa kwenda. Miaka minne sasa nakaa upande. Wageni wakitoka wananitazama hawasemi. Kuna alama ya mafuta ya bega kwenye kigae cha tatu kutoka chini ya dirisha, hata nikisugua leo, mwezi ujao ipo.

Kusogeza choo sentimita nane ni kuvunja sakafu. Sentimita nane tu! Chukueni futi kamba jamani, wenyewe, msimwachie mtu.

#5 Mzee Bawaba

Mimi kazi yangu ni milango, nitaongea mlango.

Binti, mlango unaofungukia ndani ya chumba cha 144 umekula kipande kizima cha chumba bila kulipa kodi. Na kuna jambo watu hawalifikirii mpaka liwakute: mtu akianguka ndani, mwili unalalia mlango, na nyie mko nje mnasukuma. Ukiwa na mzazi mtu mzima ndani ya nyumba, mlango wa choo ufungukie nje. Na kitasa chake kiwe kile chenye mfuo upande wa nje, unaoweza kuufungua kwa sarafu.

Sabini nayo ni ndogo. Ukitoa fremu na unene wa mlango wenyewe ukiwa wazi, anayepita anapata kama 62 au 63. Akija kutumia fimbo ya miguu minne siku moja, hapiti bila kukwaruza. Weka wa 80.

Korido yenu ina upana gani?

#6 Kibaraza

Mzee wangu shikamoo. Korido ni mita moja na sentimita kumi, na mwisho wake ni hapohapo kwenye choo, hakuna mlango mwingine mbele.

Pimamaji asante sana. Kuhusu sinki la kabati naumia ila nimekusoma. Sasa mlango ukibaki kona ya kushoto, si ndiyo nitaingia nikikumbatia sinki?

#7 Mzee Bawaba

Marahaba. Korido ya kufia hapo ni bahati, mlango ukiwa wazi haumzuii mtu. Fungulia nje, bawaba upande wa kulia, ulale kwenye ukuta.

Na ndiyo, uhamishe kona ya kulia. Linta imezunguka nyumba nzima au ni vipande juu ya kila tundu?

#8 Kibaraza

Imezunguka nyumba nzima.

#9 Mzee Bawaba

Basi hiyo ni kazi ya nusu siku. Vunja kulia, jenga kushoto. Ukishapiga plasta hakuna atakayejua.

#10 kigae_kimoja

Napingana kidogo na Pimamaji, shawa chini ya dirisha ina gharama yake. Fremu ya mbao itaoza hata uipake nini, na maji yatakaa kwenye kizingiti cha dirisha mpaka yaote kijani. Nimefumua madirisha ya hivyo mengi tu.

#11 Pimamaji

Kweli kabisa, nilipita haraka. Fremu iwe ya alumini, kizingiti kivikwe kigae chenye mwinamo wa kuja ndani ili maji yashuke, na sehemu ya chini ya dirisha ianzie juu ya sentimita 160 au zaidi. Kwa mleta uzi liko juu tayari. Faida yake ni kwamba mvuke unatokea hapohapo unapozaliwa, hauzunguki chumba kizima ukitafuta pa kutokea. Chini ya mlango acheni upenyo wa sentimita moja, hewa isipoingia haitoki hata dirisha likiwa wazi. Wasio na dirisha waweke feni, na bomba la feni litoke nje kabisa ya nyumba. Ukilimalizia ndani ya dari unahamishia ukungu kwenye mbao.

#12 Sokotoo

Swali la mshamba: kwa nini asiweke choo kile cha kuning'inia ukutani? Nimekiona kwenye picha, chini panapigwa deki bila kona.

#13 Pimamaji

Kizuri, na siyo ushamba. Ila tangi lake linafichwa ndani ya fremu ya chuma, na fremu inataka unene wa sentimita 15 hadi 20 mbele ya ukuta. Ukijumlisha na bakuli lenyewe unarudi palepale penye 65, wakati mwingine unazidi. Kinachoongezeka ni sakafu kuonekana, macho yanadanganywa kuwa chumba kikubwa. Siyo uongo mbaya. Lakini valvu ikiharibika unaitengenezea kupitia kile kidirisha cha kitufe, na si kila fundi bomba ana subira hiyo.

Kwa mwenye magoti kina faida moja kubwa: unachagua kimo. Vyoo vingi vya kusimama chini vina kimo cha sentimita 40 hivi. Kwa mama, 45 ni salama zaidi. Vipo vya kusimama chini vyenye kimo hicho pia, uliza tu kabla ya kununua.

Na hilo linanikumbusha jambo kubwa kuliko yote niliyosema. NUNUA CHOO KABLA YA JAMVI. Vipo vinavyotoa uchafu kwa chini, kuingia sakafuni, na vipo vinavyotoa kwa nyuma, kuingia ukutani, katikati ya tundu ikiwa sentimita 18 hivi juu ya sakafu iliyokamilika. Vya chini navyo havilingani, kila kimoja kina umbali wake kutoka ukutani. Fundi akichomoza bomba kwa mazoea, wewe ndiye utakayezunguka madukani ukitafuta choo kinachofanana na bomba lake. Kinunue, kipime, kiweke stoo.

#14 Umeme Mdogo

Nimechelewa uzi. Kwa upande wangu ni machache ila msiyafanyie mzaha.

Soketi isiwemo bafuni kwenye chumba kidogo hivyo. Swichi ya taa iwe koridoni. Kama mtafunga kile kichwa cha shawa kinachopasha maji papo kwa papo, kipate waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya mnene unaolingana na mzigo wake, swichi yake ya kukata nyaya zote mbili iwe nje ya bafu, na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ifike kweli, isiwe waya wa kijani uliokatwa na kufichwa nyuma ya kigae. Kwenye bodi pawe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Taa yoyote iliyo ndani ya sentimita 60 kutoka sehemu ya kuogea iwe ya kuzuia maji.

Nyaya hizi zinapita kabla ya plasta. Ukikumbuka baada ya vigae utanipigia simu ukilia.

#15 Dada wa Ghorofani

Kibaraza, kabla hujaamua lolote fanya nilichopaswa kufanya mimi. Chora chumba kwa chaki chini, ukubwa wake halisi, kisha mkae humo. Karatasi inadanganya, mkono unaochora ni mdogo kuliko makalio yanayokaa.

#16 Sokotoo

😂😂 uzi umekolea.

#17 Kibaraza

Mrejesho wakuu, na ni mrefu, nisameheni.

Jana usiku tumesogeza makochi yote ukutani kwenye nyumba tunayopanga, tukachora 144 kwa 204 sebuleni. Kiti cha plastiki kikawa choo, nyuma ya kiti tukaacha nafasi ya tangi. Boksi la televisheni tukalisimamisha likawa sinki. Kioo cha mume wangu kikawa kamba, imefungwa kwenye mguu wa meza upande mmoja, upande wa pili ameishika mtoto. Mlango ni kipande cha boksi cha sentimita 80, mtoto mwingine anakizungusha.

Mimi na mume wangu tuliingia, tukakaa, tukanawa, tukaoga hewa, tukatoka. Safi. Nikaanza kufuta.

Mama akasema mbona mimi sijaulizwa.

Akaingia polepole, akageuka, akakaa. Kukaa siyo tabu. Akataka kunyanyuka. Mkono wa kulia hautumii, mmeshajua. Wa kushoto ukatoka, ukaenda hewani kutafuta kitu, ukashika ile kamba. Kamba ikaenda, mtoto akaenda na kamba, na mama akarudi kukaa kwa kishindo mpaka kiti kikateleza nyuma.

Hakuumia. Alicheka mwenyewe. Lakini mimi na mume wangu tulitazamana, kwa sababu ile kamba ndiyo kioo chake. Kulia kwake ni sinki, nalo nimesoma siyo kitu cha kuegemea. Kushoto kwake ni kioo. Hana ukuta popote.

Nimebaki nimeinama na kitambaa cha kufutia chaki mkononi. Tufanyeje?

#18 Mzee Bawaba

Mwambie mama mlango ulikuwa hauna kosa.

Pole mwanangu. Hiyo kamba imekuokoa na mengi.

#19 kigae_kimoja

Kuna ule mkono wa kukunja unaofungwa ukutani nyuma ya choo, unaushusha unapokaa na kuupandisha ukimaliza. Unashika uzito vizuri kama ukuta ni imara. Shida ya tofali lenye matundu ndani ni kwamba skrubu haina pa kung'ata, lazima yale matundu yajazwe zege sehemu hiyo kabla ya plasta.

#20 Pimamaji

Mkono wa kukunja ni suluhisho zuri, hasa kwa nyumba iliyokwisha. Lakini dada bado hajamwaga jamvi, kwa hiyo ana uhuru ambao wengine hawana. Mimi ningefanya hivi.

Achana na kioo. Kati ya choo na shawa simamisha ukuta mfupi wa zege, kimo sentimita 120, utokeze sentimita 75 kutoka ukuta wa kushoto. Ukishavikwa vigae pande zote mbili uwe na unene wa 12. Mama akikaa, kushoto kwake pana kitu kigumu, na hapo unafunga bomba la kushikia la chuma kisichoshika kutu, kimo cha 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Juu ya ukuta weka reli na pazia.

Hesabu upya kutoka mlangoni: sinki 40, choo 76, ukuta 12, zinabaki 76 za shawa. Jumla 204. Shawa imegusa kiwango cha chini upande mmoja, lakini upande wa pili ina 144 nzima, kwa hiyo anayeoga hajabanwa kama kwenye kabati. Pa kuingilia ni 69. Stuli ya plastiki ya mama inakaa ndani na nafasi inabaki.

Sharti moja: ukuta wa namna hii una mwisho mmoja unaoelea, haujashikwa na ukuta mwingine. Usipokuwa na nondo zilizochomoza kutoka kwenye jamvi, mtu mzima akiuvuta kila siku utaachia chini, na dalili ya kwanza itakuwa mstari mwembamba kwenye vigae vya chini. Nondo zinafungwa KABLA ya zege. Wiki ijayo ikipita, umechelewa.

#21 Kibaraza

Nimesoma mara tatu, nimemsomea na mama. Amesema "kumbe humo ndani ya simu kuna watu."

Mume wangu amekubali kuachana na kioo kwa sharti la kuchagua vigae. Nimekubali haraka kabla hajafikiri.

#22 Dada wa Ghorofani

Mkatalie vyeusi vya kung'aa. Kila tone linaacha doa jeupe.

#23 kigae_kimoja

Kwa kuwa tumefika kwenye sakafu, hapa ndipo bafu dogo linapokufa au linapopona, ruhusuni niongee kirefu.

Mwinamo. Sehemu ya kuogea inataka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye flotrapu, lile tundu la sakafuni la kutolea maji. Kwenu shawa ina urefu wa 144, flotrapu iwekeni upande wa kushoto karibu na ukuta wa nje, mwinamo unakuwa kama sentimita 3 kutoka pa kuingilia. Maji yanakimbia kwenda mbali na miguu ya anayeingia. Mkitumia kile kimfereji kirefu cha chuma kinachokaa ukutani, sakafu inainama upande mmoja tu na mnaweza kutumia vigae vikubwa. Mkitumia tundu la mraba, sakafu inainama kutoka pande nne, na hapo vigae vikubwa vitakatwakatwa kama bahasha. Tumieni vidogo, vile vilivyobandikwa kwenye wavu, na viungo vyake vingi vinasaidia mguu usiteleze.

Sasa, fundi wengi wakishindwa mwinamo wanajenga kizingiti cha sentimita kumi kwenye pa kuingilia ili maji yasitoke. Kwa mama yenu hicho ni kikwazo cha kujikwaa kila asubuhi. Badala yake jamvi la sehemu ya kuogea limwagwe chini kwa sentimita 5 kuliko la chumba. Hapo mnapata nafasi ya kutengeneza mwinamo na kigae kinaishia sawa na sakafu ya nje yake, bila ngazi. Na jamvi la chumba chote cha choo liwe chini ya korido kwa sentimita 2, ili siku bomba likipasuka maji yawe na aibu kidogo kabla ya kuingia chumbani.

Kigae hakizuii maji, na saruji ya kujazia viungo haizuii. Kinachozuia ni ile rangi ya mpira inayopakwa juu ya plasta kabla ya gundi, mikono miwili, na kitambaa cha wavu kwenye kona ambako ukuta unakutana na sakafu. Ndani ya shawa ipande mpaka sentimita 180 au 200. Kwingine 15 tu kutoka sakafuni. Ikikauka, zibeni flotrapu, jazeni maji sehemu ya kuogea, wekeni alama ya penseli kwenye usawa wa maji, mwende mkalale. Saa 24. Alama na maji vikiachana, kuna pa kurudia, na ni rahisi kurudia kabla ya kigae.

Umbo la flotrapu nalo: liwe lile linaloshikilia maji ndani yake yenye kina cha sentimita 5. Hayo maji ndiyo mlango wa kuzuia harufu. Msipooga humo wiki kadhaa yanakauka na nyumba inanuka, mtalaumu chemba bure. Mwaga ndoo ya maji, kwisha.

#24 Sokotoo

Kwangu kunanuka hata nikioga kila siku. Nikivuta flashi sinki linaguna "goo goo" kama limemeza kitu.

#25 Pimamaji

Huna bomba la kupumulia, au lipo limezibwa. Maji ya flashi yakishuka kwa kishindo yanavuta hewa, na isipopatikana kutoka juu, inanyonywa kupitia kwenye sinki. Maji ya kuzuia harufu yanaondoka nayo. Bomba lipande mpaka juu ya paa, wazi.

Dada, na wewe hilo usilisahau. Lile la choo kwenda kwenye chemba lishuke sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita, inchi nne, bila kona kali ya nyuzi 90 chini ya jamvi. Kama lazima ligeuke, tumia kona mbili za nyuzi 45. Sinki bomba la milimita 40, shawa 50.

#26 Kibaraza

Mrejesho wa mwisho kabla ya zege.

Choo kimenunuliwa, cha kutoa kwa chini, kimo 45, kiko chini ya turubai. Mlango umehamia kulia, wa 80, utafungukia nje. Sinki ni dogo la kutundika, upana 36, linatokeza 30, kabati langu limegeuka kuwa vishubaka viwili vya ukutani: kimoja juu ya choo, kimoja ndani ya shawa kwa ajili ya sabuni. Koki ya shawa nimeiomba ikae karibu na pa kuingilia, niifungue nikiwa nje ya maji ya baridi. Fundi aliuliza hiyo nimeitoa wapi. Nikamwambia kwa watu.

Kuhusu nondo za ukuta mfupi hakukubali mwanzoni. Alisema ukuta wa mita moja na robo haujawahi kumwangukia mtu. Mama alikuwepo, akamwomba akae kwenye ndoo aliyokuwa anachanganyia, kisha anyanyuke kwa kuvuta mpini wa koleo uliosimikwa kwenye kifusi. Koleo likang'oka. Nondo nne zimefungwa jana jioni.

Jamvi ni keshokutwa asubuhi. Kuna nilichosahau?

#27 Mzee Bawaba

Mama yako aje kwenye karakana yangu, nina vijana wawili wanamhitaji.

#28 Pimamaji

Viwili tu.

Kabla hawajamwaga, mwambie fundi ajaze maji kwenye mabomba yote ya chini yakiwa bado hayajafukiwa na ayaache usiku kucha, muangalie viungo asubuhi. Piga picha za kila bomba na futi kamba ikiwa imelazwa pembeni yake, namba zisomeke. Miaka ijayo utakapotaka kutoboa sakafu, picha hizo ndizo zitakazokuambia pa kutotoboa.

Na ziba midomo ya mabomba kwa vifuniko vyake. Mfuko wa saruji uliokunjwa haufai, unazama. Bomba la inchi nne lililo wazi siku ya zege hupokea zege, kokoto, na mara moja nililifungua nikakuta kandambili.

#29 Kibaraza

Ya fundi?

#30 Pimamaji

Ya kwangu.